Paa Ni Paa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa. Mkuu wetu wa ubunifu ameaga. Kapata kazi kwingine, kamkumbatia kila mtu, kasahau kikombe chake. Chumba chake kiko wazi. Kina dirisha. Kina mlango. Mlango unaofungwa kwa ndani! Sisi wengine tunakaa ukumbini, ukikohoa watu watatu wanakupa pole. Nimekipima chumba kwa hatua: nne kwa tatu. Kiti nitakigeuza kitazame mlango, ili anayeingia anikute nimeshamtazama.

Saa tatu Mkurugenzi akatuita mimi na Rula. Akasema nafasi haitangazwi nje. Ijumaa saa nne atakuja mteja mpya, kiongozi wa kikundi cha wacheza ngoma kiitwacho Paa. Wanataka nembo, rangi, mabango na tovuti. Mimi nitachora langu, Rula atachora lake. Mteja akimchagua mtu, chumba ni cha mtu huyo.

Rula ni jirani yangu wa meza. Anaitwa hivyo kwa sababu hawezi kuchora hata yai bila rula. Mpole, hana makuu, husalimia mpaka walinzi. Simpendi.

Hili lazima nilishinde, na sababu si mshahara. Miezi sita iliyopita, kwenye harusi ya shemeji yangu, mama mkwe aliniuliza mbele ya ukoo wote kazini mimi ni nani hasa. Nikausikia mdomo wangu ukisema mimi ndiye mkuu wa ubunifu. Ukaongeza kwamba nina chumba changu. Wakwe wakatikisa vichwa kwa heshima. Mke wangu akanitazama, akanywa maji, hakusema kitu. Mpaka leo hajasema.

Leo jioni mama mkwe ameshuka kwetu na mabegi mawili na beseni. Atakaa wiki nzima. Wakati wa chakula akasema Ijumaa angependa kuja kukiona hicho chumba cha mkwewe.

Ijumaa!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wazo limekuja saa nne asubuhi. Nilijua litakuja.

Ofisini kuna sheria. Kabla hujagusa penseli, mteja anapelekewa dodoso la maswali ishirini. Swali la kwanza: Jina lenu lina maana gani? Sheria hii imetokana na Mkurugenzi mwenyewe. Zamani alilichorea taa shirika moja liitwalo Nuru, kumbe Nuru ni jina la marehemu mama yake mwenye shirika. Hutusimulia kila mwaka, na kila mwaka anafumba macho akifika kwenye taa.

Nikajitolea kulipeleka dodoso mimi. Mkurugenzi akanisifu. Rula akasema asante kaka, nimempunguzia kazi. Maskini.

Sikulipeleka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na wateja. Mteja ukimuuliza jambo la wazi anakuona mtupu. Na hili liko wazi. Paa ni paa. Mnyama. Miguu myembamba, mwepesi, anaruka. Wacheza ngoma nao wanaruka. Nani asiyeona? Mimi nimekwenda mbele zaidi: paa wangu atakuwa anapaa. Yuko hewani, miguu yote minne. Maana mbili kwa mpigo mmoja. Hakuna maana iliyobaki.

Imebaki moja, paa la nyumba. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi yake. Nikalijaza dodoso mimi mwenyewe, mwandiko nimeulaza kidogo uonekane wa mtu mwingine. Swali la kwanza nikajibu: "Jina letu ni paa la nyumba. Paa hutusitiri sote, mwenye nacho na asiye nacho." Hiyo ya kusitiri nusura initoe machozi mwenyewe. Nikalitia kwenye bahasha, nikampa Rula, nikamwambia langu ninalo. Akalisoma mara mbili. Akashika rula.

Jioni nilikuwa nimetandaza karatasi kwenye meza ya chakula. Mama mkwe akatoka jikoni na beseni la samaki. Akasema mwanangu, hebu njoo unisaidie kupaa hawa samaki, macho yangu siku hizi hayaoni magamba vizuri. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba niko kwenye kazi ya kikundi cha Paa, nafasi ya samaki sina. Akasimama. Akauliza Paa wepi, wale wa bandani? Nikasema ni mambo ya ofisi, mama, ni marefu. Akarudi jikoni.

Watu wazima wanapenda kudadisi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimechora paa thelathini na moja. Wa kwanza mke wangu alipita nyuma yangu akasema mbuzi mzuri. Wa thelathini na moja ni paa kwelikweli. Pembe, kwato, shingo. Ana hata dharau kidogo usoni.

Nikampelekea Kibodi. Kibodi ndiye anayetutengenezea tovuti, dada mwenye haraka na asiyependa maneno mengi. Nilimwomba paa akimbie kwenye ukurasa wa mbele, akifuata kipanya popote kiendapo. Sababu ya kwanza, inapendeza. Sababu ya pili, itamla Kibodi siku nzima na Rula hatapata tovuti ya kuonyesha. Hii ya pili sikumwambia.

Akaniuliza dodoso la mteja limerudi? Nikasema lipo. Sikusema uongo. Dodoso lipo. Halikuwahi kwenda.

Saa kumi akaniita nione. Paa anakimbia vizuri sana, isipokuwa anakimbia kinyumenyume. Mkia mbele, uso nyuma. Kibodi akasema kumgeuza ni kazi ya siku mbili, kwa sababu mimi nilitaka na nyasi zitikisike. Nikamwambia aache. Mteja ataona ubunifu.

Nikapita nyuma ya Rula nikijifanya natafuta stapla. Anachora paa lake la nyumba, lakini si paa zima, ni vigae tu. Kigae kimoja kimoja, vya nusu duara, safu juu ya safu, kila kimoja kimelalia mwenzake. Rangi ya fedha na kijivu. Nikavihesabu mpaka themanini nikachoka. Nikamuuliza mbona hakuna nyumba. Akasema jibu la mteja halikutaja nyumba ya nani, kwa hiyo kaacha sitara peke yake.

Karibu nimhurumie. Karibu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo mawili.

La kwanza. Nimeagiza kibao cha mlangoni. Shaba, herufi za kuchongwa: MKUU WA UBUNIFU. Nimempigia fundi simu nikiwa ngazini, nikinong'ona ili Rula asisikie. Fundi aliniambia nirudie mara mbili, makelele ya mashine yake. Akataka nimtumie maneno kwa maandishi. Nikamwambia ni maneno matatu tu, bwana, ana masikio au hana?

Mpango ni huu. Kesho nabandika kibao asubuhi, nakifunika kwa karatasi. Saa nne mteja anachagua paa wangu. Saa tisa anakuja mama mkwe, nimemwambia saa tisa kamili, nafunua karatasi, anasoma. Uongo wa miezi sita unakuwa kweli, na kweli haina kosa. Nimeupitia mpango huu mara nne. Hauna tundu.

La pili si kitu. Kibodi alikwenda kwa mteja kupiga picha za tovuti. Amerudi anasema wanachezea kwenye banda kubwa kando ya soko la zamani, pande mbili halina ukuta. Ndani mna meza za mawe zilizochongwa mifereji, na wachezaji wanapita katikati yake. Nikamuuliza kama ameona picha ya mnyama yeyote. Hakuona. Akasema sakafu ikilowa unasikia harufu fulani. Nikamwambia wacheza ngoma wanatoka jasho. Akanitazama, akavaa visikilizio vyake.

Usiku mama mkwe ameniuliza tena habari za wale Paa. Nikamwambia kesho saa tisa ataona kila kitu. Naye akasema wazee wa zamani hawaendi mahali saa tisa, jua linachoma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika hii jikoni.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Fundi akanikabidhi kibao kimefungwa kwenye gazeti. Nikafika ofisini wa kwanza. Nilikifungua upande wa nyuma tu, nikapaka gundi, ile ya kubandikia soli za viatu, nikakibandika, nikavuta gazeti na papo hapo nikafunika kwa karatasi nyeupe. Sikukisoma. Kwa nini nisome? Niliagiza mwenyewe.

Saa nne mteja akafika. Mama wa makamo, mabega ya mchezaji, sauti ndogo. Akakaa mbele.

Nikaanza mimi. Nikasema kuhusu wepesi, kuhusu mruko, kuhusu roho inayopaa. Nikamwonyesha paa wangu ukutani, mkubwa. Akauliza pembe ni za nini. Nikacheka, nikasema ni za jina lenu, mama. Akasema wao hawajawahi kuwa na mnyama. Nikaona nimwahi kwa tovuti. Nikasogeza kipanya. Paa akaingia skrini nzima kwa kinyumenyume, mkia mbele, akavuka kwenye nyasi, akatoka. Nikasogeza tena. Akarudi hivyohivyo. Mkurugenzi akainamisha kichwa. Mteja akauliza kama ni mgonjwa.

Akafuata Rula. Hana hotuba. Akaweka karatasi moja tu ukutani, vile vigae vyake vya fedha safu kwa safu, na chini yake neno Paa kwa herufi za kawaida. Akakaa.

Mama yule akainuka, akaiendea karatasi, akaigusa kwa vidole.

Akasema: "Magamba."

Rula akafungua mdomo. Nikamwona anataka kusema vigae. Akaufunga. Kumbe ana akili, mjinga yule.

Mteja akatueleza huku analia. Banda lile lilikuwa la wapaa samaki. Wanawake arobaini, kila mmoja na kisu chake na meza yake ya jiwe, wakipaa samaki wa soko zima kuanzia alfajiri. Walikuwa wanaimba ili visu viende pamoja, na wakisubiri mzigo wanacheza. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao. Soko lilipohamishwa yeye akaliomba banda, na kikundi kikaitwa Paa. Kupaa samaki tu, basi. Akasema ofisi tatu zilishamletea wanyama. Sisi ndio wa kwanza kumletea magamba, na angependa kujua tulijuaje.

Mkurugenzi akasema kwa fahari kwamba hapa kwetu tuna dodoso.

Mteja akauliza, dodoso gani?

Rula akatoa bahasha mezani, taratibu, bila ubaya wowote, akafungua swali la kwanza. Mteja akasoma. Akasema huu si mwandiko wake, ingawa hilo la kusitiri ni zuri. Mkurugenzi naye akalitazama. Mwandiko wangu anaujua, kila mwezi namwandikia kuomba ruhusa. Akafumba macho kama anapofika kwenye taa.

Na hapo mlango wa ukumbi ukafunguliwa, mama mkwe akaingia. Saa nne na nusu! Amekwepa jua la saa tisa. Nikasimama kumzuia. Mteja akasimama pia, akapiga kelele, akanipita, akamrukia mama mkwe shingoni. Wakashikana mikono, wakageuziana viganja, wakaonyeshana makovu ya visu. Mama mkwe alipaa samaki kwenye banda lile miaka kumi na minane, meza ya pili kutoka bombani. Alimfundisha mteja kushika kisu akiwa binti mdogo. Mimi nilijua tu kwamba zamani alifanya kazi sokoni. Sikuwahi kuuliza kazi gani.

Mke wangu amesomeshwa kwa magamba hayo. Na Jumanne nilimwambia mama huyu nafasi ya samaki sina.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Mama mkwe akajifuta macho, akasema sasa haya, chumba cha mkwe wangu ni kipi? Akaiona karatasi nyeupe mlangoni. Akaenda moja kwa moja, akaivuta. Akasoma kwa sauti, pole pole, kwa sababu ya macho:

"Mkuu... wa... Ubinafsi."

Akageuka akauliza kama hicho ni cheo kikubwa.

Rula akamjibu ndiyo mama, ni kikubwa, na hapa anacho mtu mmoja tu. Alisema kwa upole kabisa. Ndiyo maana inauma.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikutoka chumbani mpaka saa tano. Mke wangu akaleta chai, akaiweka, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Miezi sita alikuwa ameliweka neno hilo. Kisha akakaa kitandani, akaniuliza kwa nini nilisema vile harusini. Nikamwambia kweli: kaka zake wote wana vyeo, na mimi nilikuwa nakaa ukumbini karibu na mashine ya kunakili. Akasema alijua. Akasema aliyemwoa ni mimi, hakuolewa na mlango.

Nililia kidogo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jikoni mama mkwe alikuwa na beseni na visu viwili. Hakunigombeza. Akanisogezea kigoda. Akasema unaanzia mkiani, kisu unakilaza, unakwenda kichwani, hushindani na samaki. Magamba yakanirukia kwenye nyusi. Akasema cheo changu alikijua tangu harusini, kwa sababu wakubwa anaowajua yeye hawaji na penseli nyuma ya sikio. Alitaka kuja ofisini aone kazi, si mlango. Nikamwomba radhi. Akasema paa samaki.

Nilipaa saba. Wa saba alikuwa mzuri kweli.

Nimeazimia kubadilika. Kuanzia sasa nauliza kila kitu. Nimeiandika hii kwa herufi kubwa kwenye jalada la ndani: KUULIZA SI UJINGA.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mkurugenzi kanikalisha dakika arobaini. Kasema hajui anifukuze au anishukuru, maana bila uongo wangu Rula asingechora vigae, na bila vigae tusingempata mteja. Kwa hiyo nimebaki, meza ileile, karibu na mashine ya kunakili. Chumba ni cha Rula. Adhabu yangu ya kwanza: kukitoa kile kibao. Gundi ya soli haina mchezo. Nimekiparura kwa kisu asubuhi nzima, nimeanzia chini, kisu nimekilaza, sikushindana nacho. Rula alipita akasema nina mkono mzuri. Akaniletea chai katika kikombe cha mkuu wa zamani. Simpendi bado, lakini chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Mama mkwe ameondoka saa nane. Mteja wa Paa alikuja kumchukua kwa gari, wanakwenda kwanza bandani akawaonyeshe wachezaji zile nyimbo za visu. Aliniaga vizuri. Akasema nikikwama nimpigie, yeye anapenda kuulizwa.

Adhabu ya pili: kuanzia leo madodoso yote nayapeleka mimi, kwa mkono, na mteja anayajibu mbele yangu. Mkurugenzi kanipa la kwanza saa tisa. Mteja mpya ni kikundi cha wasanii wa chuma. Wana tanuri lao, wanafua sanamu usiku na mchana. Wanataka nembo na tovuti. Kikundi kinaitwa Kaa.

Karakana yao iko mbali, nyuma ya kituo cha treni, na jua bado kali. Nimelitazama swali la kwanza. Nimefikiri sana. Kisha nikaona, kuuliza si ujinga pale ambapo jambo halijulikani. Hili linajulikana. Gamba gumu kama chuma, magando kama koleo. Wasanii wa chuma! Inajieleza yenyewe. Kaa ni kaa.

Dodoso nimeshalijaza, mwandiko nimeulaza upande wa pili safari hii. Kibodi nimemwambia kaa atembee ubavuubavu kwenye ukurasa wa mbele, na kwake hiyo si kasoro. Gando la kushoto limeshakamilika. La kulia nalimalizia kesho.